Linux Pamoja na Windows: Diski ya Nje, Diski ya Ndani au Mashine Pepe?

Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa watu wengi wa Arusha na Moshi wanaotumia laptopu za mtumba, tarehe hiyo imeleta swali la kweli. Mashine za Intel za kizazi cha 6 na cha 7 bado zina nguvu, lakini karibu zote hazimo kwenye orodha ya zile ambazo Windows 11 inazikubali rasmi. Mwenye nazo anaitazama Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, ila hataki kuiacha Windows. Ofisi ndogo ya safari ina programu ya uhasibu isiyofanya kazi kwingine. Mwanafunzi wa Chuo cha Ufundi Arusha au wa Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi ana kazi za darasani zinazodai Windows na nyingine zinazodai Linux. Kila mmoja anataka mifumo miwili kwenye kompyuta moja, na anachokwama nacho ni mahali pa kuiweka Linux.

Sehemu za kuiweka ni tatu: kwenye diski ya nje inayochomekwa kwa USB, kwenye diski ileile ya ndani yenye Windows, au ndani ya Windows yenyewe kama mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigizwa na programu. Kila moja ina watu wake.

Tunapima nini

Kigezo cha kwanza ni usalama wa Windows na mafaili yake: jambo likienda kombo, unapoteza nini? Cha pili ni kasi. Cha tatu ni gharama, nami nahesabu fedha, bando na nafasi kwenye diski. Cha nne ni kubebeka, yaani kama Linux yako inaweza kuhama nawe kutoka chumbani hadi maabara ya chuo. Cha tano ni matunzo ya baadaye: umeme ukikatika, Windows ikijisasisha, au fundi akiishika mashine, itakuwaje.

Mimi naupa usalama uzito kuliko vyote. Linux ikiharibika unaiweka upya jioni moja. Tasnifu ya mwaka mzima au picha za wageni walioshuka mlimani hazina pa kurudishwa kutoka. Kwa hiyo, njia yoyote utakayochagua, nakili kwanza mafaili yako kwenye kifaa kingine na ukichomoe. Usiruke hatua hii eti kwa sababu umechagua diski ya nje. Hapa chini utaona kwa nini.

Diski ya nje

Linux inasakinishwa kamili kwenye diski inayojitegemea. Ukitaka Windows unawasha laptopu kama siku zote. Ukitaka Linux unachomeka diski, unabonyeza kitufe cha kuchagua pa kuwakia (F9 kwa HP nyingi, F12 kwa Dell na Lenovo nyingi), kisha unachagua USB.

*Usalama.* Kwa ahadi, hii ndiyo njia salama kuliko zote kwa mtu anayetaka Linux kamili, kwa kuwa diski ya Windows haikatwi wala haipunguzwi. Ila ahadi hiyo ina tundu moja, na watu wengi hutumbukia humo. Kompyuta zinazotumia UEFI (programu ya kuwashia ya kompyuta za kisasa) huwa na kipande kidogo cha diski, chenye muundo wa FAT32, kinachoitwa ESP. Humo ndimo hukaa programu ndogo inayouamsha mfumo. Kisakinishi kilichotumiwa kwa miaka mingi na Ubuntu, na Linux Mint pia (yote mawili ni matoleo ya Linux), kina tabia ya kuiweka GRUB, yaani programu ya kuamshia Linux, kwenye ESP ya diski ya ndani hata kama umekiambia wazi kwamba kila kitu kiende kwenye diski ya nje.

Matokeo yake ni hasara mbili kwa mpigo. Ukichomoa diski na kuwasha laptopu, badala ya Windows unakuta skrini nyeusi yenye maandishi ya grub. Ukiipeleka diski kwenye kompyuta ya rafiki haiwaki, kwa sababu kiamshi chake kimebaki ndani ya laptopu yako. Hapo ndipo mtu anapokimbilia kwa fundi akiamini Windows imefutika. Haijafutika. Fungua ileile orodha ya pa kuwakia, uchague Windows Boot Manager, nayo itawaka.

Kuna kinga mbili. Ya uhakika zaidi ni kufungua laptopu na kuchomoa diski ya ndani kabla ya kusakinisha. Kwenye laptopu nyingi za zamani ni skrubu chache tu, na kisichochomekwa hakiwezi kuandikwa. Ya pili ni kuwasha Linux kutoka kwenye flashi ya kusakinishia, kufungua GParted (programu ya kugawa diski), kuitafuta ESP ya diski ya ndani na kuiondolea alama za boot na esp kwa muda. Kisha unatengeneza ESP mpya kwenye diski ya nje (megabaiti 512 zinatosha), unasakinisha, halafu unarudisha alama ulizoondoa. Usisahau kuzirudisha.

Ukimaliza, pima kabla hujafurahi: zima laptopu, chomoa diski, washa, uone Windows inakuja yenyewe. Kisha jaribu diski kwenye kompyuta nyingine. Isipowaka huko, amri ya grub-install yenye chaguo la --removable itaiweka GRUB kwenye folda ya EFI/BOOT, kwa jina la BOOTX64.EFI, ambako kompyuta za UEFI hutafuta kiamshi cha kifaa chochote cha kuchomeka.

Hatari nyingine huwa haisemwi sana. Windows haiwezi kusoma ext4, muundo ambao Linux huutumia kuhifadhi mafaili. Ukichomeka diski hiyo ukiwa ndani ya Windows, inaweza kukuambia diski inahitaji kufomatiwa kabla ya kutumika. Usikubali. Kwenye kompyuta ya ofisi inayoguswa na watu watano, hatari hii ni kubwa kuliko ile ya GRUB, kwa sababu anayebonyeza ndiyo anadhani anasaidia. Iandike diski kwa karatasi ya gundi: usifomati. Ukitaka kipande cha kubadilishana mafaili kati ya mifumo miwili, kitenge kwa muundo wa exFAT, ambao wote wawili huusoma.

*Kasi.* Inategemea poti na aina ya diski. USB 2.0 kwenye karatasi ni megabiti 480 kwa sekunde, ambazo kwa matumizi halisi huwa megabaiti 30 hadi 40 hivi. USB 3.0 ni gigabiti 5. Poti ya USB 3.0 mara nyingi ina plastiki ya bluu ndani au alama ya SS. Ukichomeka diski nzuri kwenye poti mbaya, utailaumu Linux bure.

Aina ya diski ina uzito zaidi ya poti. Diski ya kuzunguka husoma faili moja kubwa vizuri tu, lakini mfumo unapowaka husoma maelfu ya mafaili madogo yaliyotawanyika, na hapo sindano yake inahangaika huku na huku. SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka, haina shida hiyo. SSD ya SATA ndani ya kasha la USB 3.0 inaendesha Linux kwa namna ambayo kwa kazi za ofisi na masomo hutahisi kuwa mfumo uko nje. Kama una SSD moja na diski moja ya kuzunguka, SSD ipe mfumo unaoutumia kutwa. Kwa wengi huo bado ni Windows, kwa hiyo SSD ikae ndani na ile ya zamani iingie kwenye kasha. Itakuwa Linux ya polepole, lakini ya kujifunzia inatosha.

*Gharama.* Unanunua diski na kasha. Linux Mint inadai gigabaiti 20 kwa uchache na inapendekeza 100, hivyo SSD ya 120 au 240 inakidhi. Kuwa mwangalifu na diski za bei ya kutupa: zipo zilizochezewa zionekane na ukubwa zisio nao, nazo hupokea data kwa utulivu hadi zikifika kikomo, halafu zinaipoteza. Kabla hujalipa, au kabla hujaondoka mbali na duka, ipime kwa H2testw ndani ya Windows. Inachukua muda, lakini haidanganywi kirahisi.

*Kubebeka.* Hapa haina mpinzani. Linux ya kawaida huja na viendeshi vya vifaa vingi ndani yake, kwa hiyo diski moja huwaka kwenye HP ya nyumbani na Dell ya maabara, ukiruhusiwa kubadili pa kuwakia. Ukisakinisha kiendeshi maalumu cha kadi ya NVIDIA, uhuru huo unaweza kupungua. Na kwa kuwa kinachobebeka huibika au husahaulika kwenye kifodi, chagua kuifunga diski kwa LUKS (kufuli la Linux linalodai nenosiri) wakati wa kusakinisha. Mara nyingi chaguo hilo huambatana na kufuta diski nzima, kwa hiyo soma jina na ukubwa wa diski mara mbili kabla ya kubonyeza.

*Matunzo.* Adui ni waya. Ukilegea wakati Linux inafanya kazi, mfumo unaganda, na kilichokuwa hakijahifadhiwa kinapotea. Umeme ukikatika kwenye laptopu yenye betri iliyokufa ni hivyohivyo, ingawa ext4 ina kumbukumbu ya mabadiliko inayoisaidia kujirekebisha inapowaka tena. Kwa upande mwingine, Windows inaweza kujisasisha itakavyo na diski yako ikiwa mfukoni haitaguswa.

Njia hii inamfaa asiyeruhusiwa au asiyethubutu kugusa diski ya Windows, anayehama kati ya kompyuta kadhaa, na mwenye poti ya USB 3.0.

Diski moja na Windows

Unapunguza nafasi ya Windows, Linux inachukua iliyobaki, na kila ukiwasha GRUB inakuuliza unataka upi.

*Usalama.* Hapa unaigusa diski yenye kila kitu chako. Punguza nafasi kwa kutumia Disk Management ya Windows yenyewe, kwani ndiyo inayojua ni mafaili gani hayahamishiki. Kabla ya hapo angalia kama BitLocker, kufuli la Windows la kuifunga diski, imewashwa. Laptopu nyingi zinazokuja na Windows 11 huiwasha zenyewe mtu anapoingia kwa akaunti ya Microsoft, mwenyewe bila kujua. Ukibadili mipangilio ya kuwasha, Windows inaweza kukuomba ufunguo wa tarakimu 48. Uutafute kwenye akaunti yako na uuandike pembeni mapema. Kwa laptopu ya mtumba iliyowekwa Windows na mtu mwingine, ufunguo unaweza kuwa kwenye akaunti ya mtu usiyemjua. Zima BitLocker kwanza, usubiri imalize kufungua diski, ndipo uendelee.

Zima pia Fast Startup. Ikiwa imewashwa, Windows ukiizima hailali kabisa, na Linux ikiikuta hivyo itakuruhusu kusoma mafaili yako bila kuyaandika. Na ikiwa kisakinishi kinalalamika kuhusu Intel RST (mfumo wa Intel wa kusimamia diski), usikimbilie kubadili kwenda AHCI, mfumo wa kawaida, kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta): Windows ambayo haijaandaliwa kwa mabadiliko hayo haitawaka.

*Kasi.* Hakuna inayoishinda. Linux inaitumia mashine nzima, bila waya wa katikati.

*Gharama.* Fedha hakuna, ila nafasi inaliwa. Diski ya gigabaiti 256 ikigawanywa, Windows hubanwa haraka, hasa kwa mtu anayehifadhi video.

*Kubebeka.* Hakuna. Linux inaishi na laptopu hiyo.

*Matunzo.* Nyumba moja yenye wenyeji wawili haikosi mivutano. Agosti 2024, sasisho la usalama la Windows lilizuia Linux isiwake kwenye kompyuta nyingi zenye mifumo miwili na Secure Boot (ukaguzi wa kiamshi kabla mfumo haujawaka) ikiwa imewashwa. Mara nyingine sasisho hubadili tu mpangilio wa kuwaka, ukarudisha mwenyewe kwenye BIOS. Hapa kwetu kuna hatari iliyo karibu zaidi: unampelekea fundi laptopu kwa tatizo dogo, naye anapiga Windows upya kwenye diski nzima. Mwambie mapema, kwa maandishi ikiwezekana, kwamba kuna mifumo miwili. Na siku ukiichoka Linux usiufute tu upande wake; ukiufuta bila kuirudisha Windows iwe ya kwanza kuwaka, laptopu itasimama kwenye grub rescue.

Saa nayo itakushangaza. Windows huichukulia saa ya ndani ya kompyuta kuwa saa ya hapa, Linux huichukulia kuwa UTC. Tanzania iko saa tatu mbele ya UTC, kwa hiyo ukitoka Linux kwenda Windows unaikuta imerudi nyuma saa tatu. Amri ya timedatectl set-local-rtc 1 ndani ya Linux inamaliza ugomvi huo. Anayetumia diski ya nje atakutana nao vilevile, maana saa ni ya kompyuta, si ya diski.

Njia hii inamfaa mwenye laptopu yake binafsi, mwenye nakala ya mafaili, na aliyekwishaamua kwamba Linux ataitumia karibu kila siku.

Mashine pepe

Unasakinisha VirtualBox ndani ya Windows, kisha Linux inaishi humo kama programu nyingine. Diski yake ni faili moja kubwa.

*Usalama.* Windows haiguswi, ESP haiguswi, BitLocker haijali. Ukiharibu Linux unafuta faili na kuanza upya. Kwa anayejifunza amri zinazoweza kuvunja mfumo, uhuru huu ni mkubwa: unahifadhi hali ilivyo, unavunja, unarudi ulipokuwa.

*Kasi.* Ndipo inapolipwa. RAM inagawanywa kati ya mifumo miwili, na laptopu ya gigabaiti 4 haina cha kugawa. Kuanzia 8 inawezekana, ukiipa Linux nusu. Hakikisha teknolojia ya kuendesha mashine pepe imewashwa kwenye BIOS. Ukiona picha ya kobe wa kijani chini ya dirisha la VirtualBox, Hyper-V, mfumo wa Windows wenyewe wa mashine pepe, inatumika kwa wakati huohuo na ndiyo inayoipunguzia mwendo.

*Gharama.* Ni nafasi ya gigabaiti 25 au zaidi. *Kubebeka:* faili hilo unaweza kulihamishia kompyuta nyingine yenye VirtualBox, lakini ni zito. *Matunzo:* machache. Fundi akipiga Windows upya, Linux inaondoka nayo, hivyo faili hilo linakiliwe.

Mashine pepe haikufundishi vifaa halisi. Linux iliyo ndani haiioni kadi yako ya Wi-Fi kama ilivyo, wala hutajua kama laptopu yako inaelewana na Linux kweli. Na haikuokoi na kufa kwa Windows 10, kwa sababu Windows hiyohiyo ndiyo inayoibeba. Kama unachohitaji ni amri za Linux tu bila madirisha yake, WSL iliyomo kwenye Windows 11, na Windows 10 za karibuni, ni nyepesi zaidi.

Inamfaa mwenye RAM ya kutosha anayetaka kujifunza bila hofu.

Na flashi je?

Flashi yenye hifadhi ya kudumu, inayotengenezwa kwa Rufus au Ventoy, ni nzuri kwa kujaribu na kwa kuokoa mafaili ya kompyuta iliyokufa. Kwa kazi ya kila siku naikataa: nyingi ni za polepole mno kuandika mafaili madogo, na huchakaa kwa kuandikwaandikwa. Itumie kama mlango wa kuingilia njia mojawapo ya hizi tatu. Iendeshe Linux kutoka humo siku kadhaa, uone Wi-Fi, sauti na mwanga wa skrini vinafanya kazi, ndipo uamue.

Kuhusu bando, Mint inapakuliwa kwa karibu gigabaiti 3 na Ubuntu 24.04 kwa karibu 6, na masasisho yanafuata baada ya kusakinisha. Ukinakili faili kutoka kwa rafiki, linganisha namba yake ya uhakiki (SHA256) na iliyo kwenye tovuti rasmi. Faili lililokatika katikati hukatisha tamaa kwa makosa yasiyoeleweka.

Kwa hali yako

Kama laptopu ni ya ofisi, ya ndugu au ya chuo, chukua diski ya nje ikiwa mwenye mashine ameruhusu, na uisakinishe ukiwa umechomoa diski ya ndani, au uisakinishie kabisa kwenye kompyuta nyingine.

Kama ni yako, ina RAM ya gigabaiti 4 na Windows 10, mashine pepe isahau. Chagua kati ya diski ya nje na ya ndani kwa kuangalia poti: ikiwa zote ni USB 2.0, diski ya ndani itakupa Linux ya kutumika kweli. Ukibaki na Windows 10 kwa ajili ya programu fulani, itumie kwa hiyo tu, na mambo ya benki na barua pepe uyafanyie Linux.

Kama una RAM ya 8 au 16 na somo la muhula mmoja, anza na mashine pepe. Muhula ukiisha ukijikuta bado unaifungua Linux kila jioni, nunua SSD na kasha.

Kama unasoma Moshi na kwenu ni Arusha, na kila upande una kompyuta yake, diski ya nje yenye LUKS itakuondolea kubeba laptopu.

Na kama mafaili yako yote yako kwenye diski moja tu na huna pa kuyanakili, fedha uliyotenga kwa ajili ya Linux itangulie kununua diski ya akiba. Wakati unasubiri kupata nyingine, iwashe Linux kutoka kwenye flashi.